Presha ya Dabi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa shabiki ambaye wiki ya dabi, yaani mechi ya watani wa jadi, ikiingia tu hamu ya chakula inapotea, usingizi unakuja vipande vipande, na kila anayekutana naye lazima aulizwe habari za kikosi. Majibu yanahusu mwili, akili na maandalizi ya siku yenyewe, uwe unakwenda uwanjani au unatazama kwenye runinga. Utaona wazo moja likijirudia: presha ya dabi huwezi kuifuta, ila unaweza kuipa kazi.

Sichezi mimi. Kwa nini moyo unanienda mbio hivi?

Mwili wako umejiandaa kwa pambano ambalo hutapigana. Ubongo unapoona jambo unalolithamini liko hatarini, huamuru adrenalini na kotisoli, homoni za kuuandaa mwili kwa hatari, zimwagwe kwenye damu. Moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, viganja vinatoa jasho, na damu inaondoka tumboni kwenda kwenye misuli. Mchezaji naye hupitia hayo hayo, lakini kipenga kikilia anaanza kukimbia na kuyatumia. Shabiki anabaki kwenye kiti, na mafuta yote yale hayana pa kuungulia.

Hili limepimwa. Watafiti walichukua mate ya mashabiki wa Hispania waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia ya 2010 dhidi ya Uholanzi, wakakuta kotisoli na testosteroni (homoni nyingine, ya kiume) ziko juu kuliko siku ya kawaida, na kotisoli ilipanda zaidi kwa wenye mapenzi makubwa na mpira. Kwa hiyo ukiambiwa "ni mpira tu", jua kwamba unachokihisi ni cha kweli na kimo kwenye damu.

Kuna jambo la pili, na kwa maoni yetu ndilo linalotesa zaidi: huna usemi. Hupangi kikosi, hupigi kona, humwamuru kipa atoke au abaki langoni. Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa chini unakurudishia maamuzi madogo ambayo kweli yako mikononi mwako: ule saa ngapi, ukae wapi, uzime nini kwenye simu, uondoke vipi.

Dabi inatoa pointi 3 kama mechi nyingine. Mbona inatisha kuliko zote?

Kwa sababu unaishi na mtani. Ukifungwa na timu ya mbali, mashabiki wake hutawaona kesho. Ukifungwa na mtani wa jadi, yupo kazini, yupo kwenye basi, yupo kwenye kundi la familia la WhatsApp, pengine mnalala nyumba moja. Tena matokeo hayasahauliki. Simba kuifunga Yanga 5-0 tarehe 6 Mei 2012, na Yanga kuifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, ni mechi zinazotajwa mpaka leo kwenye kila ubishi. Manchester nako 6-1 ya City pale Old Trafford, tarehe 23 Oktoba 2011, bado inarushwa usoni mwa mashabiki wa United. Dakika 90 zinaweza kuzaa utani wa miaka 10, na shabiki analijua hilo kabla mpira haujaanza.

Sababu nyingine ni mchezo wenyewe. Mabao ni machache. Kwenye ligi nyingi kubwa wastani ni kati ya 2 na 3 kwa mechi. Hivyo tukio moja tu, kadi nyekundu au mpira uliomgonga beki ukabadili njia, linaweza kugeuza kila kitu. Kwenye mpira wa kikapu pointi ni nyingi na bahati ya pande zote mbili inasawazika kadiri mchezo unavyokwenda. Kwenye soka bahati ya mara moja inatosha. Timu bora bado hushinda mara nyingi zaidi, hata kwenye dabi, lakini mwanya wa timu dhaifu kuondoka na sare au ushindi upo wazi daima. Usiwasikilize wanaosema fomu haina maana siku ya dabi, na wala usiwasikilize wanaosema matokeo yanajulikana.

Presha hupanda lini zaidi?

Kwa wengi huanza siku 2 au 3 kabla. Kisha kuna vipindi vitatu vikali: usiku wa kuamkia mechi, muda wa kutangazwa vikosi (kwa kawaida saa moja au zaidi kidogo kabla ya mpira kuanza), na dakika 10 za mwisho kabla ya kipenga. Mpira ukishaanza wengi hushusha pumzi, kwa sababu akili imepata kitu halisi cha kufuata badala ya kubuni mabaya. Inarudi kwa kishindo kuanzia dakika ya 75 hivi kama timu yako inaongoza kwa bao moja. Kuongoza 1-0 kunatesa kuliko kuwa nyuma 1-0, na ni vyema ulijue hilo mapema ili usishtuke.

Silali usiku wa kuamkia mechi. Nifanyeje?

Anza na usiku wa juzi yake. Ukilala vizuri usiku ule, kukosa saa 2 au 3 za usingizi siku ya mkesha hakutakuharibia kitu.

Usiku wenyewe, weka simu mbali saa nzima kabla ya kulala, hasa kurasa za "kikosi kinachotarajiwa". Kila kikosi unachosoma kinakuanzishia mechi mpya kichwani. Kama hoja hazikuachi, chukua karatasi uandike kikosi chako, matokeo unayoyaogopa na matokeo unayoyataka, kisha ikunje. Akili huacha kurudia jambo ikijua limehifadhiwa mahali. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, usijilazimishe. Ondoka, kaa kwenye mwanga hafifu, soma kitu kisichohusu mpira, urudi ukisikia macho mazito.

Kosa kubwa ni kutafuta usingizi kwenye pombe. Italeta usingizi haraka, lakini usiku wa manane utazinduka na moyo ukidunda, na asubuhi presha itakuwa imeongezeka.

Tumbo linanivuruga siku ya mechi. Nile nini, saa ngapi?

Tumbo huvurugika kwa sababu mwili uliojiandaa kwa pambano hupunguza kazi ya tumbo na wakati huo huo huharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana chakula kinakataa kushuka huku choo kinakuita mara kwa mara.

Kula mlo wako mkuu saa 3 hivi kabla ya mechi, usiwe mkubwa wala wa mafuta mengi. Dakika 60 kabla, kitu kidogo kama ndizi moja kinatosha. Usikae na njaa kwa kisingizio kwamba huna hamu: sukari ya damu ikishuka mikono inatetemeka na moyo unadunda, nawe utadhani ni hofu.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinahitaji hesabu. Kwa mtu mzima kafeini huchukua kama saa 5 kupungua hadi nusu. Kikombe cha saa 8 mchana bado kimebaki nusu mwilini saa 1 usiku mechi inapoanza. Kama moyo wako una kawaida ya kwenda mbio, acha kahawa baada ya asubuhi. Maji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa.

Kuna njia ya haraka ya kutuliza moyo kabla ya kipenga?

Pumzi. Ni ya bure na inafanya kazi, mradi uifanye sawasawa:

1. Kaa au simama wima, legeza mabega na taya. Mashabiki wengi huwa wameuma meno bila kujua.
2. Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua kwa sekunde 4, kiganja kikisukumwa nje.
3. Toa hewa polepole kwa sekunde 6, midomo ikiwa imefumbuka kidogo.
4. Endelea kwa dakika 5. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika.

Kinachosaidia ni ile kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Moyo hupunguza kasi kila unapotoa hewa. Wanaosema haifanyi kazi mara nyingi huvuta kwa nguvu kifuani na kutoa haraka. Hapo kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Ikikutokea, acha kuhesabu, pumua kawaida dakika chache, kisha anza tena taratibu.

Dawa nyingine ni miguu. Tembea kwa kasi dakika 20 hadi 30, ukimaliza saa moja hivi kabla ya mechi. Huku ndiko kuipa presha kazi kwa maana halisi: misuli iliyokazwa inapata ilichokisubiri. Tukiulizwa tuchague jambo moja tu katika ukurasa huu, tungechagua matembezi hayo.

Nifuatilie habari za timu wiki nzima au nijifungie?

Kujifungia hakuwezekani, watani hawatakuacha. Jiwekee mara 2 kwa siku, dakika 15 kila mara, na chagua vyanzo vichache: ukurasa rasmi wa klabu na mwandishi mmoja au wawili unaowaamini. Habari zinazostahili muda wako ni nani majeruhi, nani ana adhabu ya kadi, na mechi inaanza saa ngapi. "Kikosi kilichovuja" kinachosambazwa asubuhi ya mechi mara nyingi ni cha kubuni, na hata kikiwa cha kweli huwezi kukibadilisha.

Nitazame wapi, na nani?

Chagua watu kabla ya kuchagua runinga. Mtu mmoja anayekosoa kila pasi anaweza kuwachafua wote. Kama wewe ni wa kunyamaza, usikubali mwaliko wa watu 15 kwa sababu ya haya. Na kama wewe ni wa kupiga kelele, kutazama peke yako kutakuongezea presha.

Halafu kuna suala la kuchelewa kwa matangazo, ambalo huharibia watu dabi kila msimu. Redio kwa kawaida huwa mbele, satelaiti hufuata kwa sekunde chache, na matangazo ya intaneti kupitia programu za simu au kompyuta yanaweza kuwa nyuma kwa sekunde 20 hadi 60. Maana yake jirani anashangilia wakati wewe unaona mpira bado uko katikati ya uwanja. Kwa hiyo:

- Zima arifa zote za mabao kwenye simu, pamoja na za makundi ya WhatsApp. Arifa huwa mbele ya picha ya intaneti.
- Kama majirani wanatazama kwa satelaiti nawe unatumia intaneti, funga madirisha au hamia kwao.
- Usichanganye redio na picha; utasikia bao kabla ya kuliona.
- Jaribu matangazo dakika 30 kabla. Ingia kwenye akaunti, hakikisha malipo hayajaisha muda, angalia kifurushi cha data. Kwa ubora wa juu, saa moja ya video inaweza kula takriban gigabaiti 3. Ukishusha ubora hadi wa kati inabaki kama moja.
- Kuwa na njia ya pili, hata kama ni redio ya simu tu, na ujue ilipo kabla umeme au mtandao haujakatika.

Ninakwenda uwanjani. Nipange vipi siku?

Panga kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kipenga. Tuseme mechi ni saa 11 jioni:

Saa 8 mchana umeshakula na simu imejaa chaji. Tiketi ya simu ifungue ukiwa bado nyumbani, kwa sababu makumi ya maelfu ya simu zikikusanyika mahali pamoja mtandao huelemewa. Usitegemee picha ya tiketi: baadhi ya tiketi hutumia msimbo unaobadilika, na picha inakataliwa mlangoni. Hifadhi tiketi yenyewe kwenye simu kama programu inaruhusu.

Saa 9 uwe eneo la uwanja. Soma mapema orodha ya vitu vilivyokatazwa. Mabegi makubwa, chupa na fataki ndivyo hurudisha watu wengi. Kama mko wengi, kubalianeni mahali pa kukutana baada ya mechi, mahali penye jina na si "pale nje", maana simu huenda zisishike.

Saa 10 uwe kwenye kiti chako. Tafuta kwa macho mlango wa pili wa kutokea, usio ule ulioingilia. Saa 10 na nusu nenda chooni kwa mara ya mwisho, kwa sababu wakati wa mapumziko, ambayo hayazidi dakika 15, foleni inaweza kukulia mwanzo wa kipindi cha pili.

Usivae jezi yako ukiwa na tiketi ya jukwaa la wapinzani. Mashabiki hufanya hivyo kwa ujasiri na huishia kutolewa nje, au pabaya zaidi.

Ukijikuta kwenye msongamano unaobana kifua, usisukume kinyume na watu. Simama imara, kunja mikono mbele ya kifua ili mbavu zipate nafasi ya kupumua, na kila msukumo unapolegea jongea kimshazari kuelekea pembeni. Kitu kikianguka chini kiache. Mtu akianguka, mwinueni mara moja.

Nibeti kwenye dabi ili ipate ladha?

Hapana. Ukiiwekea timu yako pesa na ikafungwa, unapoteza mara mbili usiku mmoja. Ukiiwekea mpinzani ili "ujifute machozi", utashindwa kufurahia hata bao la timu yako. Mapenzi pia huharibu makadirio: shabiki huona nafasi ya timu yake ni kubwa kuliko ilivyo. Dabi ina ladha ya kutosha bila mkeka.

Jezi yangu ya bahati inasaidia?

Timu haisaidiwi, wewe unasaidiwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwapa njiwa chakula kwa vipindi vilivyopangwa bila kujali walichokuwa wakifanya. Baadhi walianza kurudia vitendo kama kuzunguka au kutikisa kichwa, kana kwamba ndivyo vilivyoleta chakula. Nasi tukipata ushindi mmoja tukiwa tumekaa kiti fulani, kiti kile kinapata heshima. Hakuna ubaya, kwa sababu taratibu zinazojulikana hutuliza akili. Ubaya unaanza pale jezi ikikosekana unavurugikiwa, au unapomzuia mwenzako asiende chooni kwa sababu akitoka mtafungwa.

Nina shinikizo la damu, au niliwahi kuugua moyo. Nitazame?

Wengi wanaweza, lakini kwa mpango. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, watafiti walihesabu dharura za moyo katika eneo la Munich. Siku ambazo Ujerumani ilicheza zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na kwa wanaume mara 3.26. Nyingi zilitokea ndani ya saa 2 za kwanza tangu mechi kuanza, na karibu nusu ya waliougua siku hizo walikuwa tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Huko England, baada ya timu ya taifa kutolewa na Argentina kwa penalti tarehe 30 Juni 1998, waliolazwa kwa shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku 2 zilizofuata.

Zungumza na daktari wako kabla ya wiki ya mechi. Usiruke dawa, hata dozi moja. Siku ya dabi watu huzisahau kwa sababu ya kutoka mapema. Epuka sigara, kahawa nyingi na pombe. Usitazame peke yako, na kaa na mtu anayejua hali yako na dawa zako zilipo.

Maumivu au kubanwa kifua kunakosambaa kwenye mkono, shingo au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu cha ghafla: hizo ni dalili za kwenda hospitali papo hapo. Usingoje mapumziko. Watu wamepoteza maisha kwa kusema "ngoja mpira uishe".

Siwezi kutazama penalti. Ni aibu kutoka nje?

Si aibu hata kidogo. Penalti nyingi, takriban 3 kati ya 4, huingia, lakini kichwa cha shabiki hukumbuka zile zilizokoswa. Toka, tembea, rudi. Mwombe mtu mmoja akuletee habari, maana ukisikia kelele bila kujua ni za upande gani mateso yanazidi.

Mtani wangu ni mwenza wangu, au bosi wangu. Tufanyeje?

Wekeni masharti kabla ya mechi, wakati wote bado mna matumaini. Mawili yanatosha: tambo zisiguse familia, kabila, dini wala maumbile ya mtu, na aliyefungwa apewe muda wa kimya, tuseme hadi asubuhi. Utani una utamu wake pale anayetaniwa anapoweza kujibu.

Tukifungwa, maumivu yanakaa muda gani?

Kwa wengi ukali wake unapungua ndani ya siku 1 hadi 3. Sehemu ya unyonge huo ni ya mwili: mashabiki wa Brazil na Italia waliopimwa kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 walionyesha testosteroni ikipanda kwa walioshinda na kushuka kwa walioshindwa. Usiku huo usiandike chochote mtandaoni, usiendeshe gari ukiwa na hasira, na usibishane na aliyekunywa. Kesho yake tembea tena. Ikipita wiki 2 bado huli, hulali, au umeanza kupiga watu na vitu nyumbani, hilo limeshavuka mpira. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili.

Nimejiandaa kwa wiki nzima, halafu mechi imeahirishwa. Sasa?

Hutokea, hata kwa dabi kubwa. Marudiano ya fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, kati ya watani wa Argentina River Plate na Boca Juniors yalikuwa yachezwe tarehe 24 Novemba 2018. Basi la Boca likashambuliwa, na mechi ikachezwa Madrid tarehe 9 Desemba, River wakishinda 3-1 baada ya dakika 30 za nyongeza. Simba na Yanga nao walisubiri kutoka 8 Machi 2025 hadi 25 Juni 2025.

Mwili hautajua kwamba mechi haipo, kwa hiyo usiuache na presha yake. Tembea kama ulivyopanga, kula, lala mapema. Tunza tiketi na risiti, usiiuze wala kuichana kabla waandaaji hawajatangaza kama itatumika siku mpya au pesa itarudishwa, na soma tangazo lenyewe badala ya muhtasari wa mtu. Tarehe mpya ikitoka, angalia upya orodha ya majeruhi na wenye adhabu za kadi, kwa sababu kikosi ulichokipigania kichwani wiki nzima huenda kisiwe hicho tena.